Vitabu Vitatu vya Magonjwa ya Ng'ombe

Mliniomba, ninyi mnaobaki maktaba, niwaachie maelekezo ya meza ya Jumamosi. Nimeanza kuyaandika mara kadhaa kwa mpangilio mzuri, kwanza hiki, kisha kile, na kila mara nimejikuta nasimulia habari za watu badala ya kuelekeza kazi. Basi nimeacha kushindana na mkono wangu. Someni hivi hivi. Nimestaafu juzi tu, wino wa muhuri bado haujatoka kwenye kucha, na nikiona rundo la kitu chochote bado mwili unanisisimka nikitaka kulipanga. Mambo ya vyeo sitayagusa. Ngazi niliyoipanda sana katika kazi hii ilikuwa ile ya mbao ya kufikia rafu ya juu, na hata hiyo ilikuwa na mguu mbovu.

Nilianzia Kajiado mjini, katika maktaba ya chumba kimoja yenye mabati yanayolia jua likipanda. Msimamizi alikuwa Bwana Mutiso, mtu mwembamba aliyevaa sweta ya kijivu hata mwezi wa joto, na ambaye hakuwa na haraka na lolote isipokuwa vumbi. Siku ya kwanza nilidhani nitapewa muhuri nianze kugonga vitabu. Alinipa kitambaa.

"Anza na hiyo rafu ya chini," akaniambia. "Ukimaliza utakuwa unajua iko na nini."

Nilipangusa mpaka jioni, nikaenda nyumbani nikipiga chafya, na kweli nilikuwa najua. Mpaka leo naweza kuwatajia nusu ya rafu ile.

Kubwa alilonifundisha Bwana Mutiso ni kupalilia. Maktaba hujaa magugu kama shamba, na usipong'oa, vitabu vinavyosomwa husongwa na visivyosomwa. Lakini yeye hakung'oa kitu kwa siri. Kila kitabu alichotaka kukiondoa alikiweka kwenye meza karibu na mlango, kikakaa pale mwezi mzima machoni pa watu. Msomaji yeyote aliruhusiwa kukitetea. Tuliiita ile meza zizi, kwa sababu vitabu vilikaa pale kama mbuzi wanaosubiri kujua kama watarudi nyumbani au la. Nakumbuka mama mmoja muuza mboga aliyetetea kitabu cha kushona nguo, kisicho na jalada wala kurasa za mwanzo, kwa ukali uliowanyamazisha walimu wawili. Kilirudi rafuni siku hiyo hiyo.

"Kitabu unatoa mchana, wenyewe wakiwa hapo," Bwana Mutiso alizoea kusema. Wakati ule nilidhani ni ukaidi wa mzee tu.

Baadaye nikahamia Kitengela, kwenye maktaba yetu hii ya nyuma ya soko, wakati magorofa yalikuwa yanaota kila kona na wasomaji wanaongezeka kuliko viti. Siku ilipofunguliwa katoni ya kwanza ya vile vifaa vya kielektroniki vya kusomea vitabu, jamani, nilipiga kelele kama mtoto! Kifaa kimoja, chembamba kama slesi ya mkate, kimebeba rafu nzima ya Bwana Mutiso na nafasi ikabaki. Hakuna vumbi. Hakuna mchwa. Niliamini kazi ya kupalilia imekwisha duniani, na nikawatangazia wenzangu hivyo kwenye chai ya saa nne. Hawajaacha kunikumbusha.

Kilichotokea ni kwamba watu walianza kuwa na maktaba zao wenyewe mfukoni, na mtu asiyemudu kupanga kabati la vyombo akajikuta na vitabu elfu kadhaa. Walikuwa wanatumiana kwenye vikundi vya simu, wanashusha mtandaoni, wananakili kutoka kompyuta ya jamaa. Simu zikaanza kugoma. Wakaja kwangu, kwanza mmoja mmoja, halafu kwa foleni, mpaka nikaweka meza ya Jumamosi asubuhi: kompyuta yangu, diski ya nje, waya za aina zote, na chupa ya chai.

Mgonjwa wangu wa kwanza wa maana alikuwa pasta mmoja kutoka Laiser Hill. Simu yake ilikuwa imejaa hata haipokei picha. Nikaifungua nikakuta kitabu kimoja cha ufafanuzi wa Biblia kimejirudia kurasa na kurasa za orodha.

"Pasta, unakipenda sana hiki kitabu?"

"Sijakisoma bado," akasema kwa upole. "Kila Jumamosi nikikitafuta sikipati, nadownload ingine."

Hapo nilijifunza jambo ambalo ningependa mlijue kabla ya mengine yote. Watu wengi hawana vitabu vingi. Wana vitabu vichache visivyoonekana, na kila wakivikosa wanaviongeza. Ndiyo maana kazi huanza kwa majina. Faili inayoitwa "scan mpya mpya kabisa" ni kitabu kilichofungiwa chooni. Kipe jina la mwandishi na jina lake, na utaona mwenyewe anavyofurahi kama aliyekutana na jirani. Kabla ya hapo, nakili kila kitu kwenye diski ya nje, na usifanye kazi kwenye kifaa cha mtu hata akikusihi. Ondoa kwanza vitu ambavyo si vitabu: vipande vya kuonjesha vitabu vinavyouzwa, risiti, na kumbukumbu za vikao vya chama ambazo hujificha katikati ya riwaya. Kitabu kikiwepo kwa namna mbili, chagua ile inayoruhusu herufi kukuzwa, kwa sababu kusoma kurasa za picha kwenye simu ndogo ni adhabu. Na lebo ziwe chache. Mwanafunzi mmoja wa uuguzi kutoka Kware alijiwekea lebo nyingi hivi kwamba tulihitaji lebo za kupangia lebo. Huyo huyo alipoteza simu stendi wiki iliyofuata, na alikuja kunikumbatia mbele ya watu kwa sababu nilikuwa nimemlazimisha kuacha nakala kwa dada yake.

Na kila kilichoondolewa nilikitia kwenye folda niliyoipa jina Zizi, kikae mwezi. Nilifanya hivyo kwa mazoea tu, kwa heshima ya Bwana Mutiso. Programu ya kupangia vitabu niliyoitumia ilikuwa na kitufe cha kufuta moja kwa moja, kinawaka kizuri, na vijana wengi walinicheka kwa kutokibonyeza.

Sasa nifike kwa Mwalimu Lemayian.

Alikuja Jumamosi moja kutoka Bisil akiongozana na binti yake Naserian, anayefanya kazi kwenye duka la dawa hapa Kitengela. Mzee mrefu, mwalimu wa shule za msingi aliyestaafu miaka mingi kabla yangu, ameshika tableti iliyofungwa kwa raba bendi ili kioo kisianguke.

"Takwenya, Madam," akanisalimu.

"Iko, Mwalimu," nikamwitikia kwa lugha yake. "Karibuni, kaeni."

Naserian ndiye aliyeeleza. Macho ya baba yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, na daktari alisema mwanga wa tableti unamuumiza. Binti alikuwa amemnunulia kifaa kipya cha kusomea, kisicho na mwanga mkali, chenye herufi kubwa, lakini nafasi yake ni ndogo.

"Hii tablet imejaa mpaka inalia, Madam. Na Dad hataki kudelete hata kitu moja."

"Sikatai," Mwalimu akasema. "Nakataa haraka."

Nilipounganisha waya nikaona bahari. Vitabu vya hesabu, vya nyuki, vya sheria za ardhi, vya mapishi ya Kichina. Kwa kumchangamsha nikamwuliza anafuga siku hizi? Akasema ukame ulimaliza ng'ombe wote. Nikauliza walikuwa wangapi. Naserian akanitazama kwa jicho la kunionya, maana mzee wa Kimaasai haulizwi idadi ya mifugo yake.

"Walikuwa wa kutosha," Mwalimu akajibu, bila kukasirika. Kisha akagonga tableti kwa kidole. "Sasa wanyama yangu ni hawa."

Nilicheka. Nilidhani ametania.

Niliifanya kazi yake kwa siku kadhaa, na nawaambia ukweli, nilijisikia bingwa. Programu ilikuwa imepata toleo jipya linalotambua vitabu vinavyofanana hata kama majina yanatofautiana. Inalinganisha ndani, inabakiza nakala safi zaidi, nyingine inazipeleka kando. Niliitazama ikipunguza ile bahari huku nakunywa chai! Kilichobaki nikakipanga kwa somo, nikaondoa kilichokuwa kikuukuu, nikatia kwenye kifaa kipya mpaka kikajaa vizuri. Naserian akapita kukichukua, akashukuru mpaka akaniaibisha.

Siku ya soko la mifugo Bisil, simu ikalia. Nyuma yake nilisikia ng'ombe wakilia na watu wakibishana.

"Madam, huku kumepotea."

"Nini, Mwalimu?"

"Kitabu ya magonjwa ya ng'ombe."

"Iko hapo. Angalia kwa mifugo, ya kwanza kabisa."

"Hiyo nimeona. Nauliza zile zingine mbili."

Nikamweleza kwa furaha kabisa kwamba zote tatu zilikuwa kitabu kimoja, neno kwa neno, na nimemwachia iliyo safi kuliko zote. Upande wa pili wale ng'ombe wakaendelea kulia.

"Madam," akasema mwishowe. "Ng'ombe mbili za rangi moja, hiyo ni ng'ombe moja?"

Akaaga kwa adabu, akakata.

Asubuhi iliyofuata, Jumamosi, nilimkuta mlangoni kabla sijafungua, peke yake, kofia na kifaa kipya mkononi. Nikampa kiti, nikampa chai, hakuigusa. Ndipo akanieleza, taratibu, kama mtu anayefundisha darasa la nne.

Kwao, wanaume wawili wakipeana mnyama hawaitani tena kwa majina. Waliopeana ng'ombe wanaitana Pakiteng. Waliopeana kondoo wanaitana Paker. Huyu anamwita mwenzake hivyo, na mwenzake anamwita hivyo hivyo, mpaka kufa. Mnyama anaweza kuzeeka, anaweza kuliwa, lakini jina linabaki na urafiki unakaa ndani yake. Ukame ulipokuja, Mwalimu alianza kupoteza ng'ombe kwa ugonjwa asioujua. Rafiki yake Sankale, waliyechunga naye utotoni na kufundisha naye shule moja, alikuwa mbali karibu na mpaka, akihangaika na mifugo yake mwenyewe. Hakuweza kuja. Alichokuwa nacho ni kitabu cha magonjwa ya ng'ombe cha idara ya mifugo, cha karatasi. Akakipiga picha kwa simu, ukurasa baada ya ukurasa, kitabu kizima, akamtumia.

"Ng'ombe walikufa tu," Mwalimu akasema. "Lakini nilipona mimi. Nilikuwa najua kuna mtu ameketi chini akapiga hiyo picha zote. Nikampigia, nikamwambia, sasa sina kitu ya kukupa, nitakutumia kitabu ya nyuki. Akacheka sana. Akaniita Pabuku."

Embuku ndiyo kitabu kwa Kimaa, lugha yao. Basi wakaitana hivyo, Pabuku, wazee wawili kwenye simu, wakicheka kama vijana. Wengine waliposikia nao wakataka. Walimu wenzake wa zamani, wanafunzi wake ambao sasa ni watu wazima, hata daktari wa mifugo wa Mashuuru, kila mmoja akampa kitabu na kupokea kitabu. Ile haikuwa maktaba ya mtu anayependa kusoma tu. Mzee yule hakuwa na zizi nyumbani, na marafiki zake wote alikuwa amewahifadhi mle.

"Zile tatu," nikauliza, "zilitoka kwa watu watatu?"

"Watatu. Moja ya daktari wa mifugo, hiyo safi umeniachia. Moja ya mwanafunzi wangu. Na ile mbaya, picha zimepinda, ni ya Sankale. Kwa ukurasa ya kupe kuna kidole yake. Kidole gumba, ukucha umepasuka. Alikatwa na panga tukiwa vijana, mimi nikiwa hapo." Akaigeuza kofia mkononi. "Tulimzika mwaka jana. Picha yake ingine sina. Asubuhi nikiamka nafungua hapo, namsalimia. Sasa siku hizi nafungua, hayuko."

Programu ilibakiza nakala safi. Ingechagua nini kingine? Picha iliyopinda, yenye kivuli na kidole cha mtu, kwa macho ya mashine ndiyo takataka ya kwanza kabisa.

Nikampigia Naserian ili tupate ile tableti. Akaniambia alishaifuta yote, kadi ya memori pia, akampa mtoto wa dada yake wa kuchezea gemu. Nilisikia sauti yake ikipungua alipoelewa kwa nini nauliza. Kwa hiyo kilibaki kitu kimoja tu duniani, nacho ni folda yangu ya Zizi, ile iliyonifanya nichekwe, na mwezi wake ulikuwa haujaisha.

Niliifungua. Kitabu cha magonjwa ya ng'ombe kilikuwamo mara mbili. Nikafungua ya kwanza: ya mwanafunzi, imenyooka, haina kidole. Nikabonyeza ya pili. Ikaja duara ya kuzunguka. Ikazunguka. Kompyuta ikaanza kuvuma, kisha ikaniandikia kwamba faili haifunguki. Sikumtazama Mwalimu. Nikajaribu tena kwa programu nyingine, ile ya zamani isiyo na mapambo, na nikajisemea kwamba faili la picha nyingi ni zito, tena tableti ilikuwa mbovu tukinakili, tena Mungu ni mwema. Duara ikazunguka muda ambao ungetosha kuchemsha chai nyingine. Halafu ukurasa wa kwanza ukatokea, umepinda, wenye kivuli cha kichwa cha mtu. Nikashuka, nikashuka, mchoro wa kupe ukaja, na kwenye kona ya chini kulikuwa na kidole gumba, kikubwa, chenye ukucha uliopasuka katikati.

Mwalimu akasogea mpaka pua ikakaribia kioo. Akaweka kidole chake juu ya kile cha kwenye picha.

"Supa, Pabuku," akamsalimia.

Nililia, na wala sikujificha. Kisha nikapatwa na furaha kiasi kwamba nilitoka nje nikazunguka jengo mara moja ndipo nikarudi. Ningekuwa nimebonyeza kile kitufe kinachowaka, mzee yule angekuwa amezikiwa rafiki yake mara ya pili, na safari hii na mimi.

Hapo ndipo lilipotokea lile ninalotaka mlishike. Bado kifaa kilikuwa na nafasi ndogo, na sasa sikuthubutu kuondoa chochote. Nikamwuliza Mwalimu, nyumbani jioni mlikuwa mnajuaje kama mnyama amepotea, na hamhesabu? Akasema unasimama langoni wapite mbele yako mmoja mmoja. Unamjua kila mmoja kwa rangi, kwa pembe, kwa nyumba aliyotoka, na asiyekuwepo unamkosa mwenyewe.

Basi tukafanya hivyo! Nikarudisha vitabu vyote kutoka Zizi, nikakuza majalada yajaze kioo, nikaanza kumpitishia kimoja kimoja. Sikumwuliza amekisoma au anakihitaji, maswali niliyokuwa nikiwauliza watu miaka yote, ambayo humfanya kila mtu aone haya na kushikilia. Nilimwuliza jambo moja.

"Huyu nani alikupa?"

"Huyu ni wa Sankale tena. Huyu wa mwanafunzi wangu, sasa ni chifu. Huyu wa yule mama wa kanisa. Huyu..." Akainama. "Huyu simjui. Ametoka wapi?"

"Ulidownload, Mwalimu. Mtandaoni."

"Hana mtu?"

"Hana."

"Basi aende."

Alivyosema vile, bila hata kupepesa! Mtu aliyekuwa hataki kufuta kitu, akaanza kufuta kwa makundi. Mapishi ya Kichina, hana mtu, aende. Kozi za biashara, hana mtu, aende. Watu waliokuwa kwenye foleni wakaacha simu zao wakaja kusimama nyuma yetu, wakawa wanaitikia "aende!" kwa pamoja, mpaka mlinzi akaja kuangalia kuna nini. Kabla ya chakula cha mchana kundi lote lilikuwa limepita. Waliobaki waliingia kwenye kifaa kipya wakiwemo wale watatu wa magonjwa ya ng'ombe, na nafasi ikabaki ya marafiki wengine. Nimefanya kazi hii miaka mingi na sijawahi kuona usafi wa namna ile.

Tatizo lilikuwa dogo na la kuchekesha. Programu ina mahali pa kuandika mchapishaji, lugha, nyota, hata rangi ya jalada, ila haina mahali pa kuandika nani alikupa. Walioitengeneza walidhani vitabu vyote hutoka dukani. Nikatumia sehemu ya msururu, ile ya vitabu vya mfululizo, nikaandika jina la mtoaji hapo. Tangu hapo Mwalimu akibonyeza Sankale, Sankale wote wanajipanga pamoja. Nanyi fanyeni hivyo hivyo. Na mkitumia kile kipengele cha kulinganisha nakala, kizimeni mpaka muwe mmemwuliza mwenyewe.

Swali lile nimelitumia kwa kila mtu tangu siku hiyo. Pasta wa Laiser Hill alipoulizwa alipekua simu yake yote, akagundua kwamba kati ya vyote alivyokuwa navyo, alichopewa na mtu ni kimoja tu, kijitabu cha mahubiri kutoka kwa mama mkwe. Alikisoma wiki ile. Nasikia ibada ilifupika.

Jumamosi yangu ya mwisho mliniandalia keki, mkasema maneno, na mnakumbuka nilivyokuwa natazama mlango. Mwalimu alifika tukiwa tumeshakata, Naserian amemshika mkono, kwa sababu macho yale sasa yameenda. Kifaa humsomea kwa sauti, na jioni Naserian humtajia majina wapite. Alikuwa amekuja na kadi ya memori ndani ya kipande cha kitambaa chekundu.

"Madam, umepanga wanyama yangu, na wewe hauko ndani," akasema. "Hiyo si mbaya?"

Ndani ya kadi kulikuwa na kitabu cha kusoma cha darasa la pili alichofundishia miaka yake yote, ambacho hakichapishwi tena. Alikuwa amekipiga picha mwenyewe.

Mimi nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimekipiga picha kile kitabu cha kushona kisicho na jalada, ambacho Bwana Mutiso alinipa nilipoondoka Kajiado. Nikampa.

"Lakini sina cherehani," Mwalimu akasema baada ya kuambiwa ni nini.

"Na ng'ombe pia hauna, na vitabu vyao uko navyo vitatu."

Alicheka mpaka akatafuta kiti.

Wiki hii mmoja wenu amenipigia. Ameona kwenye diski ya maktaba faili langu, kitabu cha watoto, picha zimepinda, na karibu kila ukurasa kuna kidole cha mtu. Akaniuliza kama anaweza kukifuta, au angalau akate hivyo vidole. Nikamwambia aache kila kitu kilivyo. Mwalimu alikipiga picha akiwa haoni tena mstari. Alishika ukingo wa kila ukurasa kwa kidole gumba ili ajue karatasi inaishia wapi, akabonyeza, akafungua mwingine, akapapasa tena, kitabu kizima.

Nilipokata simu nikampigia.

"Pabuku," nikasema.

"Pabuku!" akaitikia, na akataka kujua kama kitabuni nimefika ukurasa wa mtoto aliyepoteza mbuzi. Sikuwa nimefika. Nikavaa miwani, nikafungua.